Dau Linavuja, Lakini Wapi?

Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, pwani ya Nungwi, Unguja, utasikia nyundo kabla hujaona chombo. Fundi amechutama ubavuni mwa jahazi, pamba begani, patasi mkononi, anagonga mwanya baada ya mwanya, na mpita njia anaondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo chombo kinavyozuiwa maji. Si uongo. Lakini mimi nina dau la mbao la futi 18, la kuvulia na kupakia chochote kinachopakiwa baina ya Mkokotoni na Tumbatu, na kila mwaka nazidi kuona kwamba kugonga pamba ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Nzito ni kujua maji yanapitia wapi. Hiyo ndiyo tunayoiharakisha, na ndiyo inayotumalizia fedha.

Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa skuli anaijua. Aliyeitunga alikuwa na nyumba, nadhani, hakuwa na chombo. Ukutani ufa unauona. Kwenye dau ufa unajificha chini ya taruma, ule ubavu wa ndani unaoshika mbao, nyuma ya rangi, ubavuni mwa msumari, na maji yakishapenya hayakai pale yalipopenyea. Yanafuata mteremko wa mbao, yanakutana na taruma, yanazunguka, yanateremka mpaka yanafika ngama, kule chini kabisa juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na huko ndiko unakoyakuta. Chombo kikiwa kimelalia tezi, yaani nyuma, maji yote yatakuwa tezi hata kama yameingilia omo, yaani mbele. Basi mwenye chombo anaona maji tezi, anamwita fundi, fundi anakalafati tezi, yaani anagonga pamba kwenye mianya ya huko, analipwa chake, na kesho asubuhi maji yako palepale yanamsubiri.

Kwa hiyo kabla sijamwita mtu naanza kwa ulimi. Nachovya kidole kwenye maji ya ngama naonja. Watu hunicheka, nawaacha wacheke. Yakiwa ya chumvi kali, hiyo ni bahari. Yakiwa baridi, yaani hayana chumvi, na usiku kucha masika yamenyesha, chombo hakina kosa. Kina uwazi juu tu, kama vyombo vyote. Yakiwa katikati, chumvi kidogo baridi kidogo, kuna mambo mawili kwa pamoja na itabidi usubiri siku kavu ndipo ujue. Mwenye mashine ndani asionje. Anuse tu, dizeli ataijua.

Na maji ya mvua nayo si ya kupuuza kwa sababu tu hayatoki baharini. Kuvu wanaoozesha mbao hawaipendi chumvi. Maji baridi yaliyotuama ndiyo wanayoyataka. Chombo kilichoachwa pwani masika mazima bila kufunikwa makuti kinaozea juu, kwenye vichwa vya mataruma na kwenye pembe ambazo bahari haijapata kuzigusa. Wazee waliokuwa wakimwagia vyombo vyao maji ya chumvi asubuhi na jioni walikuwa wakipata faida mbili: mbao hazikauki zikaachana, na ule uozo wa mvua unapunguzwa nguvu.

Swali linalofuata ni la wakati. Linavuja likiwa limetia nanga, au likiwa njiani? Kwa tanga au kwa mashine? Tupu au likiwa na mzigo? Ukiyajibu hayo kwa uaminifu, robo tatu ya chombo umeshaiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Likivuja likiwa nangani, bahari shwari, mchana na usiku kwa kiasi kilekile, kuna tundu au mwanya chini ya usawa wa maji, na upo hapo muda wote. Likiwa kavu nangani lakini likaingiza maji ukishatweka tanga, mbao zinacheza: mlingoti unausukuma chini mwashiri, lile bao ambalo mlingoti unalikalia, upepo unauvuta ubavu, na mbao ya kwanza kutoka mkuku inafunguka na kufunga kwa kila wimbi. Au tundu liko juu ya maji chombo kikitulia, halafu linazama chombo kikilala. Likivuja siku ya mzigo tu, angalia mbao za juu zilizokaushwa na jua la kaskazi, maana hizo ndizo zinazozama siku ya mzigo na siku nyingine zinabaki hewani. Na likivuja kwa mashine tu, usihangaike na mbao hata moja. Nenda pale shafti inapotokea. Pale kuna pakingi, kile kizibo kinachoizunguka shafti, na pakingi nzima inadondosha tone moja moja wakati shafti inazunguka, ndivyo inavyopoozwa. Ikitiririka ndipo uikaze, tena robo mzunguko kwanza, uangalie.

Halafu kuna kiasi. Mimi napiga mstari wa chaki kwenye taruma la katikati jioni, asubuhi naangalia maji yamepanda mpaka wapi. Bila mstari utadanganywa na macho, kwa sababu maji machache yanayotembea chini ya mbao yanaonekana mengi, na maji mengi yaliyotulia yanaonekana machache.

Ukitaka kujua tundu dogo linaweza nini, piga hesabu. Maji yanayoingia kwenye tundu lililo sentimita 30 chini ya usawa wa bahari yana kasi ya zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Tundu la msumari la milimita 6, ambalo ncha ya kidole kidogo inalifunika na kubaki, litaingiza karibu lita 2 na nusu kwa dakika. Dumu la lita 20 linajaa kwa dakika 8. Kwa saa moja ni lita 150 hivi. Uliache usiku kucha, utakuta uzito unaozidi tani, au hulikuti dau. Na tundu likipanuka upana wake mara mbili, maji yanakuwa mara nne. Ndiyo maana fundi mzuri anauogopa msumari uliooza kuliko mwanya mrefu unaotoa jasho. Mwanya unakunyima usingizi, lakini msumari ukichomoka unakunyima chombo.

Baada ya hapo ndipo napweleza, yaani nalipandisha dau mchangani likae kavu maji yakipwa. Nachagua siku kwa kuangalia mwezi. Bamvua, yale maji makubwa, linakuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapa Unguja bamvua kubwa lina tofauti ya karibu mita 4 baina ya maji kujaa na kupwa, nafasi ya kutosha kuwa na saa kadhaa za mchanga mkavu. Ila usipandishe siku ya kilele chenyewe. Ukipandisha juu kabisa siku hiyo, kazi ikachelewa siku mbili, maji hayatakufikia tena mpaka bamvua lijalo, wiki mbili baadaye, na wiki mbili za jua zitakufungulia mianya ambayo hukuwa nayo. Panda siku mbili tatu kabla ya kilele, ili kila maji yajayo yawe makubwa kuliko yaliyopita. Tafuta mchanga safi usio na jiwe, weka magadi, zile nguzo za kuegemeza chombo, pande mbili, na uhakikishe yamekaa kwenye mataruma. Gadi likikaa kwenye ubao mtupu litausukuma ndani, umejiongezea kazi.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Wakipweleza, kitu cha kwanza ni kufua, yaani kuyatoa, maji yote ya ndani ili chombo kiwe chepesi. Yaache. Maji yaliyomo ngama ndiyo shahidi wako. Bahari ikishaondoka, maji yale yatatafuta njia ya kutokea, na yatatokea palepale yalipoingilia. Unazunguka nje polepole, unafuta ubao kwa tambara kavu, unasubiri. Pale panapokuwa peupe panarudi kuwa peusi kwa unyevu, weka alama. Kwa mkaa, maana chaki kwenye ubao mbichi haikai.

Kama ndani hamna maji ya kutosha, yatie mwenyewe, lakini kidogo, shibiri moja tu juu ya mkuku. Nimeona watu wanajaza dau mpaka kwenye benchi ili waone vizuri. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Chombo kikiwa baharini, maji ya nje yanakishika kila upande. Kikiwa mchangani kinashikwa na magadi manne na mkuku wake. Tani moja ndani ya dau lisilo na kitu cha kulishika nje itaachanisha mbao zilizokuwa zimeshikana vizuri. Kwa mbao za juu, mtu mmoja ndani anamimina dumu taratibu kando ya mwanya, mwingine nje anaangalia. Kazi ya kuchosha, lakini nzuri kuifanya na mtoto, kwa sababu macho ya mtoto hayakosi tone.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya chokaa, na hii unaifanya chombo kikiwa kinaelea. Fua maji yote, kausha ngama kwa sponji na tambara mpaka mbao ziwe kavu, kisha nyunyiza chokaa kavu iliyopepetwa, kidogo tu, kutoka omo mpaka tezi, na hasa nyuma ya kila taruma. Halafu kaa kimya. Maji yakipita kwenye chokaa yanaacha mstari, na mstari hauna haya ya kusema umetoka wapi. Unaufuata kwenda juu, taruma hadi taruma, mpaka unapoanzia.

Hivyo ndivyo nilivyolipata tundu lililonisumbua msimu mzima wa kusi. Dau likikaa nangani halina hata jasho. Nikitweka tanga kwenda Tumbatu, upepo ukiwa ubavuni, kabla sijafika nusu ya njia maji yako kwenye vifundo vya miguu, tezi. Mafundi wawili waliliangalia kwa nyakati tofauti na wote wawili wakataka kukalafati tezi. Nilikataa, kwa sababu ya swali lile la wakati: maji ya tezi yasiyoingia nangani yanatoka kwingine. Nikamwaga chokaa, nikatweka, nikampa kijana usukani, nikalala kifudifudi omo na tochi mdomoni. Mstari ulianzia nyuma ya taruma la kwanza kabisa, kule kusikofikika, pale mwisho wa mbao unapoegemea fashini ya omo, ule mti wa pua ya chombo. Chombo kikiinamisha pua kwenye wimbi, ncha ya ubao inafunguka unene wa ukucha. Kikiinuka, inafunga.

Nilimchukua fundi mwingine, mzee, anayefanya kazi zake bila maneno mengi. Akabonyeza ncha ya ubao kwa dole gumba. Akaniambia nikautikise mlingoti. Nikautikisa, naye mkono wake bado upo pale.

"Maalim, hapa pamba haitakaa," akasema. "Ubao unacheza. Ukitia pamba kwenye ubao unaocheza, unawatilia samaki."

"Basi tufanyeje, mzee wangu?"

"Tutafute kilichoulegeza."

Kilichoulegeza kilikuwa msumari. Kwa nje ulikuwa na kichwa na rangi yake, mzuri. Fundi aliuchomoa kwa koleo bila kutumia nguvu, ukatoka mwembamba katikati kiasi cha kukatika ukiupinda, na mti uliouzunguka ulikuwa mweusi, laini, unaingia ncha ya kisu. Chuma kikila kutu ndani ya mbao kinaharibu na mbao yenyewe, ndiyo maana huwezi kutoa msumari wa zamani ukapigilia mpya tundu lilelile. Tundu la zamani linachongwa, linazibwa kwa kijiti cha mti kilichopakwa gundi, na msumari mpya unatafutiwa mahali pengine, kando kidogo, penye mti mzima. Msumari wenyewe ni wa chuma kilichopakwa zinki. Fundi akazungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa, akaupigilia mpaka kichwa kikazama ndani ya ubao, akafunika kwa puti. Ule uzi mdogo wa pamba ndiyo kalafati ya msumari, na ukinunua chombo kilichojengwa kwa haraka utakuta haupo.

Mwenye misumari ya shaba asichanganye na ya chuma mahali pamoja. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi zinatengeneza umeme mdogo, na chuma ndicho kinacholiwa. Chombo kinaweza kuwa na misumari ya shaba ya gharama kubwa, halafu kikaangushwa na ile michache ya chuma iliyoongezwa baadaye na mtu aliyekuwa na haraka.

Ubao ukishatulia, ndipo kalafati. Sasa naomba radhi kwa wanaoijua, maana nitaieleza kwa urefu. Sijaona mtu akiiandika vizuri, na mafundi wenyewe hawana muda wa kuandika.

Mwanya mzuri wa kukalafati una umbo: mpana nje, mwembamba ndani, ili pamba ikigongwa ijikaze yenyewe isipenye upande wa pili. Mwanya ulio mpana ndani na nje haukalafatiwi. Hata ukitia gunia zima, pamba itaingia ngamani. Huo unahitaji kipande cha ubao kilichochongwa mfano wa kabari. Kwanza toa ya zamani yote kwa ndoano, usiache mabaki, kwa sababu pamba iliyooza chini ya pamba mpya ni godoro. Itabonyea baada ya mwezi. Sokota pamba iwe na unene ulingane na mwanya, wala usitumie unene mmoja chombo kizima. Ichovye kwenye mafuta ya nazi, au sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake itakufuata mpaka msikitini, kisha uikamue. Unailaza juu ya mwanya na kuisukuma kwa patasi butu katika vikunjo vidogo vidogo, mtindo wa nywele za kusuka, ili iwe na cha kutanuka. Mara ya kwanza unaizamisha tu. Mara ya pili unarudi ukiigonga.

Hapo ndipo sikio linapoingia kazini. Pamba isiyokaza ina sauti ya kubwata. Ikikaza, nyundo inalia mlio mkavu wa juu, na ubao mzima unaitikia. Fundi anaacha papo hapo. Ukiendelea kugonga baada ya mlio huo, unaanza kuutenganisha ubao na jirani yake, na mwanya wa mstari unaofuata utafunguka. Ndiyo maana chombo kilichokalafatiwa upande mmoja tu kwa nguvu sana mara nyingi huvuja upande ambao hukuugusa.

Kwa nini pamba? Kwa sababu pamba inakunywa maji, na ikinywa inafura. Mbao nazo zinafura. Chombo kikavu kikishushwa kitaingiza maji siku ya kwanza, pengine ya pili, halafu mbao na pamba zinakutana na mianya inajifunga. Usufi hauwezi kazi hiyo. Unayakataa maji, ndiyo maana unafaa kwenye maboya. Nyuzi za nyavu kuukuu za nailoni nazo hazifuri. Na fulana ya mtumba iangalie kwanza: siku hizi nusu ya zinazoitwa pamba zina plastiki ndani. Choma uzi mmoja. Ukiacha jivu ni pamba, ukiacha kidonge kigumu cheusi ni plastiki.

Kufura huko ndiko kunakonigombanisha na vijana wa epoksi. Wanakuja na makopo mawili, wanachanganya, wanajaza mianya ya dau lililokaa juani mwezi mzima, inaganda kama jiwe, inapigwa msasa, inang'aa. Linashushwa, halivuji. Siku ya tatu mbao zimekunywa maji na zinataka kutanuka, lakini pale zilipokuwa zitanukie pana jiwe. Kitu kimoja lazima kishindwe. Ama msumari unavutwa, ama taruma linapasuka, ama epoksi inabanduka upande mmoja na kuacha ufa wa urefu wa chombo, mwembamba, mnyoofu, usiotibika. Siichukii epoksi. Kwenye boti ya faiba ndiyo dawa yenyewe, na hata kwenye ubao uliopasuka katikati inafaa. Kwenye mwanya baina ya mbao mbili za dau, hapana, na nimeacha kuwa na adabu katika jambo hili.

Kwa wenye boti za faiba sina mengi. Ganda lenyewe halivuji mara nyingi. Yanayovuja ni matundu tuliyoyatoboa wenyewe. Angalia boliti za mashine kule nyuma, kizibo cha kutolea maji, na kila skrubu iliyowekwa chini ya usawa wa maji kushikilia kitu kisicho na maana. Boti ikizidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka bila maji kuonekana, povu la ndani limeshashiba maji.

Turudi kwenye mbao, kwenye adui ambaye chokaa wala sikio haviwezi kumgundua mapema. Mdudu anayekula mbao baharini tunamwita mdudu tu, ingawa kwa jamaa zake ni wa ukoo wa chaza na kome. Anaingia akiwa mdogo mno, kwa kijitundu cha kichwa cha pini, na tundu lile la nje halikui. Yeye anakulia ndani, anachimba kufuata urefu wa ubao, anapaka njia yake chokaa nyeupe laini. Kwa nje una ubao wenye vidoa vichache. Ukiukata, ndani ni mabomba. Siku ganda la nje likigonga jiwe, unakuwa na tundu la ngumi. Kwa hiyo mara chombo kinapokauka mimi nakigonga chote kwa mpini wa kisu, hasa kando ya mkuku ambako rangi huchubuka kwa kuburuzwa. Penye mlio wa ubao mtupu nachoma ncha. Dawa za jadi bado zinafanya kazi: kuanika chombo mpaka mdudu afe, kukichoma chini kwa makuti makavu moto ukipita bila kukaa, kisha kupaka mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Rangi za dukani za chini ya chombo ni bora, kwa bei yake.

Wakati mwingine nikichoka na haya yote nawafikiria mabaharia wa mitepe. Mtepe wa visiwa vya Lamu, uliodumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, haukuwa na msumari: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanayoitaja Rhapta, soko la kale la Afrika Mashariki, yanaonyesha kwamba vyombo vya kushonwa vilikuwapo pwani hii tangu huko nyuma. Chombo chenye mamia ya matundu ya kamba kilivuja, bila shaka, na kufua maji kulikuwa sehemu ya safari. Lakini kilikuwa kinanyumbuka. Kikipanda fungu la mchanga kinajikunja kidogo na kurudi, pale dau la misumari lingepasuka. Wale waliyahesabu maji wakati wa kupanga watu wa chombo. Sisi tunayakuta.

Na ukiyakuta ukiwa katikati ya mkondo? Usianze kwa kufua. Anza kwa kuhamisha uzito. Kama yanaingilia kushoto, watu na mzigo wahamie kulia, na tanga ligeuzwe ili upande wenye tundu uinuke. Mara nyingi tundu litatoka majini lenyewe. Mmoja afue, mmoja atafute. Ukilipata, kuziba kutoka nje ni bora, maana bahari itakusukumia kizibo. Ukiziba kutoka ndani, bahari inakusukuma wewe. Mimi hubeba kipande cha sabuni ya mche na pamba kavu ndani ya kopo. Sabuni ikikandwa na pamba inakuwa bonge linaloshika hata kwenye ubao mbichi, na itakufikisha pwani. Vijiti vya mti laini vilivyochongwa nchani, vya unene tofauti, navyo viwemo. Dumu la kufulia lifungwe kamba, kwa sababu siku ya haja ndiyo siku litakayoangukia baharini.

Mkiwa mnaelea mahali patulivu na tundu halionekani, kuna hila ya unga wa mbao. Jaza unga wa randa kwenye kopo lililofungwa kwenye ufito, lizamishe chini ya chombo, lipindue pale unaposhuku. Unga unaelea kwenda juu, na penye maji yanayovutwa ndani nao unavutwa, unanasa mwanyani. Unaona punje ndani ya ngama, umeshajua. Wakati mwingine punje zenyewe zinaziba, za muda.

Dau langu sasa linaingiza chini ya nusu ndoo kwa usiku. Najua linapoingilia: ni pale mbao mbili zinapoungana ncha kwa ncha, ya pili kutoka mkuku, upande wa kulia, chini ya taruma ambalo haliwezi kutolewa bila kufungua ubao mzima. Fundi na mimi tumeliangalia mara kadhaa na tumekubaliana kutoligusa kusi likiwa bado linavuma. Mwezi wa kumi tutaufungua. Mvule nautafuta mimi, misumari anakuja nayo yeye, na bei tumeshapatana, ila ameniambia wazi kwamba akiukuta mkuku nao umeliwa, tutapatana upya.